Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo Vikuu vya Afrika ya Mashariki juu ya Masomo ya Juu ya Teknolojia ya Usemi na Lugha

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Vyuo Vikuu vya Afrika ya Mashariki, pamoja na wajumbe wa Seneti na Mabaraza yao.

Naomba ruhusa niwaeleze jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likisemwa vipande vipande katika makongamano, katika vyumba vya walimu na katika mabweni ya wanafunzi, lakini ambalo, kwa kadiri nilivyoona, halijaletwa mbele yenu kwa ukamilifu wake na mtu asiye na cheo cha kutafuta wala fedha za kuomba kwa ajili ya nafsi yake. Muradi wangu ni mmoja, nao ni huu: kwamba vyuo vyetu viasisi, kwa pamoja na kwa mkataba mmoja, masomo ya uzamili na uzamivu katika teknolojia ya usemi na lugha, na kwamba Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji wa nchi hizi ziwe ndizo maudhui ya kwanza ya masomo hayo, zisiwe mfano wa kutajwa mwishoni mwa mhadhara.

Fani yenyewe jina lake ni jipya masikioni mwa wengi, na kwa kuwa barua hii ni ya wazi kwa kila msomaji, yafaa niieleze kwa maneno machache. Ni ilimu ya kuifundisha kompyuta isikie maneno ya mtu na kuyaandika. Isome maandishi kwa sauti inayofahamika. Ifasiri kutoka lugha moja kwenda nyingine. Na ichambue sentensi ijue nani katenda, nani katendewa na lini. Kwa fani hii kipofu husomewa gazeti na simu yake, kiziwi huandikiwa hotuba papo hapo inapotolewa, na mtu ambaye hakujaaliwa kusoma huweza kuuliza kwa kinywa chake na kujibiwa. Mahakama za Tanzania, ambazo tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 lugha yake imekuwa Kiswahili, zina haja kubwa ya mashine itakayouandika ushahidi kama ulivyosemwa. Na haja hiyo hiyo iko katika mabunge yetu, katika hospitali na katika vyumba vya habari.

Haielekei mtu kudai haki ya jambo bila ya kuwataja kwa wema waliotangulia kulifanyia kazi. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, huko Ufini, Profesa Arvi Hurskainen alianza katikati ya miaka ya 1980 kuiandikia kompyuta sarufi ya Kiswahili, kanuni baada ya kanuni, hata akapata programu inayoweza kulichambua neno mpaka viungo vyake vya mwisho. Na juhudi hiyo ikazaa mfumo uitwao SALAMA, na baadaye Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, yaani hazina ya matini, ambayo toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25. Mjini Nairobi, Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Uingereza, walitengeneza programu ya kukisoma Kiswahili kwa sauti, wakaitolea maelezo mwaka 2005. Na Peter Waiganjo Wagacha, wa chuo hicho hicho, alishirikiana na Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver wa Ubelgiji kuifundisha kompyuta kuzitambua aina za maneno na kukusanya matini za Kiswahili na Kiingereza zinazokwenda sambamba. Mwaka 2012 Hadrien Gelas, Laurent Besacier na François Pellegrino wa Ufaransa walichapisha kazi yao ya kuiwezesha mashine kuzisikia habari za redio za Kiswahili. Mwaka 2021 shirika la Mozilla lilikifungulia Kiswahili mlango katika mradi wake wa Common Voice, ambamo mtu yeyote huweza kuchangia sauti yake. Na walimu wa vyuo vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene wakakusanya kongoo iitwayo Kencorpus, yenye Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Juu ya hao wako vijana wa bara zima ambao tangu mwaka 2019, katika jumuiya ya Masakhane, wamekuwa wakifanya utafiti kwa kujitolea, mwingi wake usiku, baada ya kazi ya kuwalisha.

Orodha hiyo ni ya fahari, na mimi ni miongoni mwa wanaoiheshimu. Lakini mtu akiisoma kwa makini ataona kwamba sehemu yake kubwa ni miradi, na mradi una siku ya kuanza na siku ya kwisha. Fedha zinapokoma, msaidizi wa utafiti hurudi kwao, mashine huzimwa, na maarifa yaliyopatikana kwa taabu hubaki katika makala ambayo hakuna darasa linaloyasoma. Masomo ya uzamili, kinyume cha mradi, hurudi kila mwaka na wanafunzi wapya. Huwalazimisha walimu wayapange maarifa kwa utaratibu, na huwafanya waliohitimu jana kuwa wasimamizi wa watakaohitimu kesho. Kijana wa Tanga au wa Kisumu anayetaka kuibobea fani hii leo aghalabu huelekezwa Edinburgh, Sheffield au Saarland. Na akifika huko, kwa kuwa rekodi za Kiingereza na za Kijerumani ziko tayari, zimepangwa na kuandikwa, ilhali za Kiswahili ni haba, huishia kuandika tasnifu juu ya lugha ya wenyeji wake. Simlaumu yeye wala siwalaumu walimu wake. Ameondoka kwetu kwa sababu hatukumwekea kiti.

Wako watakaosema kwamba makampuni makubwa ya ng'ambo yatatufanyia kazi hii bila ya gharama kwetu. Septemba mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa mfumo wa kusikia usemi uitwao Whisper, uliofundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Na katika saa hizo fungu la Kiswahili lilikuwa dogo hata likakaribia kutokuwapo. Kampuni hukusanya kinachopatikana kwa urahisi na chenye soko, na hiyo ni kawaida ya biashara tangu zama za zama. Anayejua thamani ya lugha ambayo haijawa na soko ni mwenye lugha hiyo, na maadamu yeye hajaishughulikia, hana hoja ya kumshangaa jirani.

Naomba sasa mniruhusu nionyeshe, kwa mifano ya karibu, kwa nini lugha hii inadai wanazuoni wake wenyewe. Chukueni kitenzi kimoja cha kawaida, hatukuwaandikia. Ndani yake mna viungo saba: ha- ya kukanusha, -tu- ya watendaji, -ku- ya wakati uliopita, -wa- ya watendewa, mzizi -andik-, -i- ya kumtendea mtu, na -a ya kumalizia. Mzizi huo mmoja, kwa kubadilishiwa viungo vyake, hutoa maumbo maelfu kwa maelfu, na mengi katika hayo hayatapatikana hata mara moja katika rekodi za saa mia. Mfumo uliobuniwa kwa lugha ambayo maneno yake huhesabika na kuorodheshwa, ukipewa Kiswahili, huyaona maumbo hayo kuwa ni maneno mageni yasiyohusiana, na hapo ndipo unapoanza kuandika upuuzi. Dawa yake haimo katika kuongeza nguvu za mashine peke yake. Imo katika kuijua sarufi, kujua wapi neno likatwe na wapi lisikatwe, na kujua ni kosa lipi linalobadilisha maana na lipi lisilodhuru.

Tazameni tena jambo la saa. Zahanati imempangia mama siku ya chanjo ya mtoto wake, na karani ameandika katika kompyuta tarakimu 8:00, kwa hesabu ya saa za kizungu. Programu ya kusoma kwa sauti, ambayo mtengenezaji wake hakukulia katika desturi yetu ya kuanza kuhesabu saa tangu jua kuchomoza, itamsomea mama huyo katika simu yake «saa nane». Mama, kwa haki kabisa, atafika mchana jua limeshapinduka, akute muuguzi amekwisha kufunga jokofu la dawa, ilhali aliitwa saa mbili asubuhi. Kosa hilo mtoto wa darasa la pili wa Unguja asingelifanya, wala haliponi kwa hesabu ya hali ya juu. Laponeshwa na mtu aliyekaa katika timu ya watengenezaji akasema, hapana, kwetu haisomwi hivyo.

Na lahaja zetu ni mlango mwingine wa ilimu ambao bado haujafunguliwa sawasawa. Msemaji wa Mombasa hutofautisha kwa pumzi paa wa mwituni na paa la nyumba, ambapo wa bara huyatamka yote mawili kwa namna moja. Msemaji wa Pemba, wa Makunduchi, wa Amu na wa Lubumbashi kila mmoja ana lafudhi na msamiati wake. Na vijana wa Nairobi hubadilisha maneno yao kabla mwaka haujapinduka. Mashine iliyofundishwa kwa sauti za watangazaji wa habari peke yao itamwelewa mtangazaji na kumpuuza bibi wa Micheweni, na hivyo huduma iliyokusudiwa kuwafikia wasiojua kusoma itaishia kuwahudumia waliosoma. Ili jambo hilo lisitokee, yatakiwa watafiti waende vijijini na vinasa sauti, wakae na wazee, wapate ridhaa yao, warekodi, kisha waketi na kuyaandika waliyoyanasa neno kwa neno, kazi ambayo kwa kila dakika moja ya mazungumzo hula dakika nyingi za subira na masikio yaliyozoezwa. Hiyo ni kazi ya wanafunzi wa shahada za juu, na hakuna wengine wa kuifanya.

Nafika sasa kwenye kiini cha malalamiko yangu, ambayo nayaleta kwa adabu lakini bila ya kuyapunguza. Vyuo vyetu vina wataalamu wa lugha na vina wataalamu wa kompyuta, na wote ni watu wa ilimu ya kutosha, lakini tumewajengea kuta baina yao. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili iko Mlimani, na ndaki ya teknolojia ya habari iko Kijitonyama. Ni mwendo mfupi kwa gari, lakini katika mitaala ni safari ndefu, na hali katika vyuo vingine vya kanda yetu haina tofauti kubwa. Mwanafunzi wa isimu humaliza uzamili pasi na kuandika hata programu moja ya kuhesabu maneno katika kitabu. Mwanafunzi wa kompyuta humaliza wa kwake pasi na kuambiwa ngeli ni nini. Wamekuwa kama mafundi wawili wa jahazi, mmoja ana mbao na mwingine ana tezo, nao hawajapata kukutana ufukweni. Waingereza waliliona tatizo hilo mapema, na Chuo Kikuu cha Edinburgh kikaanzisha mwaka 1984 kituo cha utafiti wa teknolojia ya usemi kilichowaweka pamoja watu wa isimu na watu wa kompyuta. Na uzamili wao wa fani hii hata leo hufundishwa na pande zote mbili. Hatuna haja ya kuwaiga katika kila kitu, lakini katika hili la kuketi pamoja wamepata, na aliyepata huulizwa njia.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta ushahidi kwamba Mwafrika akipewa nafasi huweza. Nchini Rwanda, vijana wa Kigali waliwahamasisha wananchi wenzao wazisome sentensi kwa sauti katika Common Voice, na Kinyarwanda, lugha ya nchi ndogo, kikapata zaidi ya saa 2,000 za rekodi na kuzipita lugha nyingi kubwa za Ulaya. Afrika ya Kusini, kwa amri na fedha za serikali yake, ilikusanya zaidi ya saa 50 za usemi kwa kila moja katika lugha zake rasmi 11 za wakati ule, ikaziweka wazi kwa watafiti, na leo ina kituo cha taifa cha kuzitunza hazina hizo katika Chuo Kikuu cha North-West. Na sisi wenyewe tuna mfano katika tarehe yetu. Mwaka 1930 nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ziliunda kamati moja ya lugha ili kusanifisha maandishi ya Kiswahili, na kamati hiyo ndiyo asili ya taasisi iliyoko Dar es Salaam hivi leo. Ilikuwa ni kazi ya wakoloni, na wenyeji wa lugha walikawia kupewa viti ndani yake, lakini ilithibitisha kwamba nchi hizi zikiwa na shauri moja juu ya lugha huweza kutenda. Wakati huo ilikuwa ni tahajia. Leo ni sauti, na safari hii hapana mkoloni wa kumsingizia uzito wetu.

Kwa hiyo naomba mambo matano, na nitayataja kwa uwazi ili asiwepo wa kusema kwamba barua hii ilikuwa ya manung'uniko matupu.

La kwanza, vyuo vyetu vikubaliane juu ya mtaala mmoja wa uzamili, ambapo mwanafunzi atasoma fonetiki, mofolojia na isimu-jamii upande mmoja, na takwimu, uandishi wa programu na ujifunzaji wa mashine upande wa pili, na atakuwa na wasimamizi wawili wa tasnifu, mmoja kutoka kila upande. Chuo kimoja hakina walimu wa kutosha. Vyuo sita vikichanga, walimu watapatikana.

La pili, mwanafunzi aruhusiwe kuiandika tasnifu yake kwa Kiswahili akipenda, kama wanavyofanya tayari wanafunzi wa uzamivu wa Kiswahili. Fani isiyoandikwa kwa lugha haiwezi kupata istilahi katika lugha hiyo, na mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, pamoja na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Unguja watakuwa na kazi nyepesi zaidi ya kusanifisha istilahi ambazo watafiti wamekwisha kuzitumia.

La tatu, mfanye maagano na wenye hazina za sauti. Bunge la Tanzania lina Taarifa Rasmi za majadiliano yake zilizoandikwa kwa Kiswahili, na majadiliano hayo hayo yamerekodiwa. Sauti na maandishi yakilinganishwa kwa uangalifu, huo ni mtaji wa utafiti ambao mataifa mengi hulipia fedha nyingi. Redio zetu za taifa nazo zina kanda za miongo mingi, na kanda huharibika kwa unyevu na joto. Kila mwaka tunaochelewa, sauti za watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki zinafutika.

La nne, iwekwe sheria ya amana. Sauti ya mtu ni mali yake. Asirekodiwe bila ya ridhaa, asidanganywe matumizi yake, na rekodi zilizokusanywa na vyuo vyetu zitunzwe katika nchi zetu, chini ya masharti tuliyoyaandika sisi. Mtafiti mgeni akaribishwe, lakini aingie kwa mlango na aache nakala.

La tano, kuwe na ufadhili wa wanafunzi, walau wachache kila mwaka, pamoja na kompyuta zenye nguvu za kutumiwa kwa zamu na vyuo vyote. Nayataja haya mwisho kwa sababu najua ndiyo yatakayotajwa kwanza katika vikao. Fani hii haihitaji maabara ya dawa wala meli ya utafiti. Gharama yake kubwa ni muda wa watu wenye bidii, na watu hao tunao.

Nimesikia pingamizi kwamba wahitimu hawatapata ajira, na kwamba kwanza yafaa tushughulikie yaliyo ya dharura. Jawabu langu ni kwamba benki, kampuni za simu, mahakama, wizara za afya na mashirika ya habari yanaagiza mifumo ya lugha kutoka nje wakati huu huu ninapoandika, na yanailipia. Kwa hivyo kazi ipo, ila wafanyakazi wake wako kwingine. Nimesikia pia kwamba kukitanguliza Kiswahili ni kuzidhulumu lugha ndogo. Kinyume chake ndiyo kweli, kwa kuwa atakayefundishwa kukichambua kitenzi cha Kiswahili ameshapata nusu ya funguo za Kisukuma, Kiganda, Kigikuyu na Kimakonde, na mtaala ninaouomba uwalazimishe wanafunzi kuishughulikia walau lugha moja ya nyumbani zaidi ya Kiswahili.

Waheshimiwa, Kiswahili kimepewa heshima nyingi katika miaka ya karibu: UNESCO imekiwekea siku yake, tarehe 7 Julai, Umoja wa Afrika umekikubali kuwa lugha ya kazi, Uganda imekifanya lugha rasmi. Heshima hizo ni za midomo na karatasi maadamu lugha yenyewe haina wanazuoni wa kuiingiza katika vyombo ambavyo watu wanatumia kuanzia asubuhi mpaka usiku. Nawaomba kwa hiyo, kila mmoja wenu kwa nafasi yake, mlipeleke shauri hili katika kikao kijacho cha Seneti, mteue kamati ya watu wa isimu na watu wa kompyuta kwa idadi sawa, muwape muda maalumu wa kuandika mtaala, na mtuambie hadharani siku ambayo darasa la kwanza litafunguliwa.

Wabillahi tawfiki.

Ni mimi, mwenzenu katika khidma ya lugha.